Mgane wa Shirika

Kabla hawajanifanya mgane wao, watu wa shirika walikuwa wananijua kama fundi makochi tu. Karakana yangu iko mtaa wa nyuma yao: banda la mabati, cherehani ya kukanyaga, sponji zimepangwa mpaka juu, na makochi ya watu yaliyopasuka matumbo yakiwasubiri wenyewe.

Jengo lao wakati huo lilikuwa zahanati ndogo. Upande wa barabarani kulikuwa na dirisha lenye nondo. Nyuma ya nondo alikaa Sista, muuguzi mnene aliyekuwa akichekea puani, na nyuma ya Sista lilisimama friji. Ndani ya friji lile ndimo ulimokuwa uhai wa mke wangu na wa binti yangu, kwa sababu wote wawili walikuwa na kisukari kile cha kuchoma sindano. Bila insulini, mtu mwenye ugonjwa huo hafiki mbali. Mke wangu alikuwa akienda dirishani dawa inapokaribia kuisha, anapiga foleni na soga, anarudi na vichupa ndani ya kopo la barafu. Nyumbani hatuna friji, kwa hiyo alivifunga kwenye mfuko wa nailoni na kuvitia kwenye mtungi wa udongo uliolowa, kwenye kona ya chumba ambayo jua halifiki. Sista ndiye aliyemfundisha hivyo.

Siku moja akaja karakanani kijana wa shirika, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Alikuwa na kazi. Walitaka viti vya ukumbi vivalishwe upya.

"Ukumbi upi?" nikauliza. "Nyinyi mna ukumbi?"

"Tutakuwa nao, mzee. Tunabomoa ukuta wa chumba cha dawa. Patakuwa ukumbi wa semina."

"Na dawa je?"

"Dawa zinarudi serikalini. Sisi tumehamia kwenye utetezi."

Nikamwuliza utetezi ndiyo mdudu gani. Akacheka, akaniambia kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto, kwamba wafadhili wamechoka kugawa dawa kwenye dirisha. Wanataka mfumo wa afya wa nchi nzima ubadilike, kila raia apate huduma kwenye zahanati ya serikali kama haki yake, asiwe anaomba kwa watu. Kazi ya shirika sasa ni kuisukuma serikali ifanye hivyo. Maneno mazuri. Ukiyasikiliza ukiwa mzima wa afya, unaweza hata kupiga makofi.

Kazi ni kazi. Nikavishona viti, kitambaa cha bluu, sponji nzito, mishono miwili miwili pembeni. Mke wangu alipita karakanani akakalia kimoja, akajinesanesa.

"Watavikalia hivi wakizungumzia dawa?"

"Ndiyo."

"Basi umefanya vizuri kuvitia sponji nene. Maana watakaa sana."

Ndivyo alivyokuwa mwanamke yule. Ulimi wake ulikuwa na makali kuliko mkasi wangu.

Dirisha likafungwa. Hawakubandika hata bango la kutuaga, waliweka matofali tu na kulipaka rangi. Sista akalipwa chake akaondoka, friji likapakiwa kwenye gari, na mke wangu akaambiwa aende zahanati ya serikali, kule karibu na soko. Akaenda. Akaambiwa insulini haijafika, tuko kwenye kipindi cha mpito. Akaenda tena. Mpito. Nikaenda mimi mwenyewe nikiwa nimevaa shati la Jumapili, nikidhani labda shida ni kwamba anazungumza sana. Nikapigwa mpito huo huo. Shirika lilikuwa limetia sahihi kwamba linaacha, na wizara ilikuwa imetia sahihi kwamba inapokea. Baina ya sahihi mbili hizo hapakuwa na mtu hata mmoja aliyeulizwa dawa italala wapi.

Madukani ilikuwepo. Lakini bei yake, ukiisikia tu, sukari inapanda yenyewe. Niliuza cherehani yangu ya akiba. Shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu, akauza kitenge baada ya kitenge. Tulikuwa tunanunua kichupa kimoja, wanachangia mama na binti.

Mke wangu alikuwa akiingia nyuma ya pazia na sindano yake, anatoka akipanguza tumbo, anasema, "Mimi tayari. Haya, zamu yako." Binti anaingia. Sikushuku kitu. Nani anamchungulia mkewe akijichoma sindano? Halafu akaanza kunywa maji kama mtu aliyetoka jangwani. Akaanza kutapika. Pumzi yake ikawa inanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Tulimfikisha hospitali kubwa, tukawekwa kwenye benchi tusubiri daktari, na kwenye benchi hilo, kichwa chake kikiwa kwenye paja langu, akaniacha. Aliniacha akiwa katikati ya kunilaumu kwamba nimevaa viatu visivyofanana.

Binti ndiye aliyefunua mtungi tuliporudi. Kichupa kilikuwa na dawa zaidi ya ilivyotakiwa. Mama yake alikuwa akiingia nyuma ya pazia na sindano tupu.

Sasa niambie, hao wenye vyeo wanaoandika mipango, wana neno gani la kuita jambo kama hilo? Mimi najua wanaloliita. Nilikuja kulisikia kwa masikio yangu.

*

Mwenye neno hilo alikuja matangani. Msichana mdogo, mwembamba, miwani, begi la mgongoni. Alikuwa afisa wa shirika, na mtaani tukampa jina la Dada Utetezi. Alinipa pole kwa mikono miwili, kisha akakaa chini mkekani na wanawake, akawa anauliza maswali taratibu.

Shemeji akaninong'oneza, "Huyu anatafuta nini hapa? Mbona anaokota maneno kama anayeokota kuni?"

"Ametoka shirika."

"Shirika lile lile?"

"Lile lile."

"Ah! Wamekuja kuhakikisha kazi imekwisha?"

Nikamwambia anyamaze. Lakini naye Dada Utetezi, nimpe haki yake, hakuwa na roho mbaya. Alilia. Machozi ya kweli, nayajua. Siku nyingine akanifuata karakanani, akakalia kochi la mtu lisilo na sponji, akazama mpaka magoti yakamfika kidevuni.

"Baba," akasema, akihangaika kujinasua, "kisa cha mama hakitakiwi kupotea. Kuna muswada mpya wa afya. Ukipita, kila zahanati ya serikali italazimika kuwa na insulini wakati wote. Kamati ya bunge inasikiliza watu. Sisi tunapeleka wataalamu, lakini wabunge wataalamu wanawazoea. Wanahitaji kumsikia mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu wa ushuhuda. Wewe."

Nikamwambia mimi shule niliikimbia mapema, nikisimama mbele ya wakubwa nitatetemeka kama mbuzi wa Idi. Akasema hilo ndilo jambo zuri, nisijali kutetemeka.

"Binti yangu amebakiwa na nusu kichupa," nikamwambia. "Hilo ndilo ninalolijua mimi. Muswada utapita lini?"

Akashusha macho. "Muswada unaweza kuchukua muda. Ila nitaongea na Mkurugenzi. Ukitusaidia kwenye hili, hatuwezi kumwacha binti."

Basi nikakubali. Sitaki mtu aniambie nilikubali kwa sababu ya kumpenda marehemu au kwa sababu ya nchi. Nilikubali kwa sababu ya nusu kichupa.

*

Mazoezi yalifanyika kwenye ukumbi wao. Nilikalia kiti nilichokishona mwenyewe, nimetazama ukuta uliokuwa dirisha. Ukikaa pembeni, taa ikiwaka, unaona umbo la nondo chini ya rangi. Fundi rangi alitaka kula hela ya bure, akapiga mkono mmoja.

"Tuanze, baba," Dada Utetezi akasema. "Sema hivi: 'Mke wangu alikwenda zahanati ya serikali akaambiwa hakuna dawa.' Halafu unyamaze kidogo. Waache wakutazame."

"Ninyamaze nikifanya nini?"

"Usifanye kitu. Unyamaze tu."

Nikasema. Nikanyamaza. Akasema nimenyamaza vizuri sana, sijawahi kusifiwa hivyo na mwanamke. Kisha nikaendelea: "Kabla ya hapo alikuwa akipata dawa hapa, kwenye dirisha la shirika—"

"Hapana, baba, hiyo turuke."

"Turuke dirisha?"

"Kamati inatupa dakika chache. Ukianza na dirisha utawachanganya. Ujumbe wetu ni mmoja: serikali haikuwa na dawa. Si kweli?"

"Ni kweli."

"Basi sema kweli hiyo."

"Na kweli nyingine?"

Akavua miwani akaipangusa. "Baba, wapo watu ndani ya bunge wanaotafuta sababu ya kuua muswada huu. Wakipata pa kutushika, wameushika. Tuwanyime nafasi."

Binti yangu alikuwa amekaa nyuma, ametoka shule na sare yake. Alikuwa amekuja kunichukua, au kunilinda, sijui. Dada Utetezi akamgeukia, akamwuliza kuhusu siku za mwisho za mama. Shemeji, mdomo wake ule, alikuwa amekwisha kumwaga kule msibani habari za sindano tupu, kwa hiyo Dada Utetezi alikuwa anazijua. Akasema, "Ile ya mama kukuachia dawa, ile ni nzuri sana. Ile ikisemwa, hakuna mbunge atakayebaki na macho makavu."

Nzuri sana. Hilo ndilo neno nililokuambia nilikuja kulisikia.

Binti akasimama. "Hiyo haisemwi."

"Naelewa inauma, mdogo wangu, lakini—"

"Baba," binti akanigeukia mimi, hakumtazama tena yule, "mengine sema yote. La kichupa usiliseme. Niahidi."

Nikamwahidi. Dada Utetezi akainua mikono, akasema sawa, sawa, ni uamuzi wa familia, tunauheshimu.

Nyumbani nilifanya mazoezi mbele ya kioo cha kabati. Shemeji alikuwa anapepeta mchele mlangoni, akawa ananiangalia kwa pembe ya jicho.

"Shemeji, nyamaza tena kama ulivyonyamaza."

"Niache."

"Hapana, kweli, umenyamaza kama msomi. Marehemu angekuona angeomba talaka."

Tukacheka sote watatu. Ilikuwa mara ya kwanza nyumba ile kusikia kicheko tangu msiba. Halafu binti akaenda nyuma ya pazia kuchoma, na sisi wawili tukanyamaza ghafla, tukisikiliza. Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitatega masikio nje ya pazia kusikia kama mtoto wangu kweli anajichoma.

*

Chumba cha kamati kilikuwa na zulia linalomeza miguu. Viti vya ngozi, sponji ya mgandamizo, vya kuzunguka. Ukipewa kuvishona hivyo, mwaka mzima huombi kazi nyingine. Wabunge walikuwa wamevizungusha kila mmoja upande wake, huyu na simu, yule na jirani yake. Mbele alikaa Mwenyekiti wa kamati, mtu mwenye sauti nzito na kicheko cha karibu, unampenda kabla hujajua kwa nini. Kulia kwake, bwana wa wizara na tai yake. Kushoto, sisi: Mkurugenzi wa shirika, Dada Utetezi, mimi. Binti yangu alikuwa nyuma yetu, kwenye safu ya wageni. Mkurugenzi yule ni daktari, lakini sikuwahi kumwona ameshika mgonjwa. Kila nilipomwona alikuwa ameshika kipaza sauti.

Akakishika. Akazungumza asilimia nyingi. Wabunge wakawa wanazungusha viti. Akaona wanamponyoka, akamkonyeza Dada Utetezi anitambulishe haraka.

Naye akasimama, sauti inamtetemeka. Sijui kama alipanga au kama wale watu wasiosikiliza ndio waliomponza. Akasema, "Waheshimiwa, huyu ni mgane wetu. Mkewe alikosa insulini kwenye zahanati ya serikali. Alipobakiwa na tone la mwisho, alimwachia binti yake, yule pale nyuma, na yeye akawa anajichoma sindano tupu mpaka akafa."

Viti vyote vikageuka. Simu zikawekwa chini. Watu wote walikuwa wanamtazama binti yangu. Mbunge mmoja mwanamke alitoa leso.

Na mimi nikamtazama. Alikuwa amekaa wima na sare yake, mikono mapajani, uso umekuwa kama wa mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Hakulia. Alinitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyeahidi.

"Karibu, mzee wetu," Mwenyekiti akasema taratibu. "Pole sana. Sema, tunakusikiliza."

Damu ilikuwa imenipanda mpaka masikioni. Maneno yote ya mazoezi yakayeyuka. Sikunyamaza mahali pa kunyamaza.

"Mke wangu alikuwa anapata dawa kwa hawa," nikasema, nikawaonyesha kwa kidole, wa kwanza Mkurugenzi. "Kwenye dirisha lao. Wakaliziba kwa matofali wakafanya ukumbi. Viti vya ukumbi nilivishona mimi. Walitupeleka serikalini, na serikali haikuwa na dawa, ni kweli, lakini wao walijua haina. Walikuwa jirani zetu, walijua. Mke wangu hakuuawa na mmoja. Nyinyi wote mmemshika, huyu mikono, huyu miguu."

Halafu Mwenyekiti akajiegemeza nyuma, na lile tabasamu likaanza kumfunguka usoni, taratibu, kama mtu aliyeokota noti barabarani.

"Kumbe!" akasema. "Kumbe! Mkurugenzi, unakuja hapa kuishitaki serikali, kumbe mlango mlifunga nyinyi?"

Wabunge wakapiga meza. Kicheko kikazuka. Hata aliyetoa leso aliirudisha mkobani.

"Mheshimiwa," Mkurugenzi akasema, "tulifuata mpango wa taifa. Huduma zirudi mikononi mwa serikali. Wizara ilitia sahihi."

"Tulitia sahihi," bwana wa wizara akadakia, "kwa masharti kwamba shirika litaendelea katika kipindi cha mpito."

"Hakukuwa na sharti kama hilo!"

"Lilikuwa kwenye mazungumzo."

"Mazungumzo yapi? Uliyafanya na nani?"

"Mashirika haya," mbunge mmoja akaropoka, "yanakula kwa mgongo wa maiti! Sasa mnataka tuwapitishie muswada?"

Wakarushiana. Yule akisema mke wa huyu mzee, huyu anajibu ndiyo, huyo huyo mke wa mzee. Mke wangu alipita juu ya meza ile kama mpira, kila mmoja akiupiga kwa kichwa. Nilikuwa nimesema kweli yote, bila kuruka, na kweli yote ikawafaa kuliko nusu. Dada Utetezi alikuwa ameinamisha kichwa. Akaninong'oneza bila kunitazama, "Umeuua, baba. Umeuua muswada."

"Na wewe umemfanya nini mwanangu?"

Akaokota begi lake, akalipakata.

Mwenyekiti akagonga meza. Sasa alikuwa ananitazama kwa mapenzi makubwa, kama mjomba.

"Mzee wangu, wewe ni mtu jasiri. Umetufumbua macho. Hebu tuambie, usiogope: wewe unataka nini?"

Nimelifikiria swali lile mara nyingi tangu siku hiyo. Ungelitafakari ukiwa umelala kitandani kwako, ungepata majibu ya kujaza kitabu. Lakini mimi nilikuwa nimesimama, binti yangu yuko nyuma, na nyumbani kwenye mtungi kuna mabaki ya kichupa. Nikasema kile kilichokuwa mdomoni.

"Nataka dawa ya binti yangu."

"Basi?"

"Basi."

Mwenyekiti akacheka kwa furaha. Akamgeukia bwana wa wizara. "Umesikia? Mzee hataki makubwa. Hilo ni jambo dogo kabisa. Binti wa mzee huyu apate dawa. Wiki hii. Nitafuatilia mwenyewe."

"Itatekelezwa, mheshimiwa."

Makofi. Walisimama wengine kupiga makofi. Na kwa makofi yale kikao kikafungwa, muswada ukaahirishwa ili kamati itafakari zaidi, na watu wakaenda kunywa chai.

Tulipofika mlangoni kwetu ndipo binti aliposema, "Si wewe uliyesema, Baba. Nilisikia." Nikashukuru kwa hilo. Sikuwa na kingine cha kushukuru.

*

Dawa ilifika, hapo siwezi kuwasingizia. Wakubwa wakitaka kitu kifike, barabara inanyooka. Tukaitwa zahanati ya serikali, ile ya karibu na soko, mimi na binti. Shemeji alitaka kuja, nikamwambia abaki, nikihofia mdomo wake. Bwana wa wizara alikuwepo, na mpiga picha. Tukasimamishwa mbele ya friji jipya, dogo, bado lina karatasi ya kiwandani, nikakabidhiwa kikasha cha vichupa. Mpiga picha akamwambia binti, "Tabasamu kidogo, dada." Binti hakutabasamu. Mpiga picha akaniambia mimi. Nikatabasamu. Ndiyo, nilitabasamu, tena meno yote. Wangenitaka nicheze ningecheza, ilimradi kile kikasha kisirudi kilikotoka.

Picha zikaisha, gari likaondoka na wakubwa wake. Tukatokea upande wa mbele, kwenye kibaraza cha kusubiria, na kikasha mkononi.

Kibaraza kilikuwa kimejaa watu. Habari zilikuwa zimezagaa mtaani kwamba insulini imekuja zahanati, na wote waliokuwa wakipiga foleni kwenye dirisha la shirika walikuwa pale na makopo yao ya barafu. Niliwajua kwa sura, marehemu alikuwa akinisimulia soga zao. Yule mzee aliyekatwa mguu. Yule mama dobi anayefua nguo za watu, na mwanawe wa kiume amemlaza mapajani, mdomo umemkauka, anaomba maji.

Muuguzi wa zahanati akatoka. Akasema kwa sauti ya mtu asiyependa anachokisema, "Jamani, tawanyikeni. Dawa iliyokuja ina jina la mtu. Imetolewa kwa agizo maalumu. Nyinyi wengine mpaka mpito uishe."

Hakuna aliyepiga kelele. Hilo ndilo lililonitisha. Waligeuka tu, wakanitazama mimi na kikasha changu.

Mama dobi akaniita. "Fundi."

"Naam, mama."

"Walikuuliza unataka nini, si ndiyo? Tulisikia kwenye redio."

"Waliniuliza."

"Ukawaambia dawa ya binti yako."

Nikamwambia walinikamata ghafla. Nikamwambia wale ni watu wa hila, ndivyo wanavyotaka, kila mtu aombe yake ili wampe mmoja na kuwanyima wengi, halafu wapigwe picha. Nikamwambia lawama ni za Mwenyekiti, na za Mkurugenzi, na za yule wa tai. Nilisema mengi, na yote ni kweli, na mpaka leo nitayasema mbele ya mtu yeyote.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Akamfunika mwanawe kanga miguuni. Kisha akaniuliza, bila hasira, kama mtu anayeuliza njia:

"Kwa hiyo na mimi nimsubiri huyu afe, ndiyo niitwe nikaombe?"

Binti akanivuta mkono wa shati. Alikuwa anamtazama yule mtoto, midomo yake. "Baba. Tuwape kimoja."

"Tembea," nikamwambia.

"Baba, vipo vingi. Kimoja tu."

"Wakiviona vimepungua watasema tunauza. Hawatatupa tena. Tembea!"

Hakutembea. Ikanibidi nimshike mkono nimkokote, mtoto mkubwa vile, anapita katikati ya watu na sare yake huku anageuka nyuma, na mimi kikasha nimekibana kwapani kama kuku wa wizi. Walitupisha njia. Wote walitupisha, hata mzee wa mguu mmoja alivuta gongo lake ili nisijikwae.